KANONI APOLO KIVEBULAYA NA MAANA YA UFUFUO



Kila mwaka siku ya Pasaka tunaimba mu kanisa kwamba Bwana amefufuka. Lakini wimbo ukimalizika, maulizo yanabaki. Kama Yesu alishinda kifo, juu ya nini watu wanaendelea kufa huku kwetu Beni na Butembo? Maiti ambayo jamaa haikuruhusiwa kuiosha wakati wa Ebola, je, itafufuka? Na yule aliyeuawa shambani na mwili wake haukupatikana, yeye atafufuka namna gani? Haya si maulizo ya kitoto, na hatupaswi kuyanyamazisha.

Mu somo la dini tunafundishwa majibu. Lakini mara nyingi jibu linaingia mu moyo vizuri zaidi likipita mu maisha ya mtu. Njo maana mu toleo hili tumechagua kuelezea maisha ya mtumishi wa Mungu ambaye kaburi lake haliko mbali na sisi. Liko Boga, fasi ambayo zamani iliandikwa Mboga, mu teritware ya Irumu, Ituri, upande wa kaskazini-mashariki ya Beni. Mtumishi huyo ni Apolo Kivebulaya. Alikufa mwaka 1933, na mbele ya kufa aliacha agizo moja juu ya kaburi lake. Agizo lile ni fundisho kubwa juu ya ufufuo. Lakini hatutalielewa vizuri kama hatujui kwanza ginsi alivyoishi.

1. Kuzaliwa kwake na ujana

Apolo alizaliwa karibu mwaka 1864 mu inchi ya Buganda, fasi inayoitwa Kiwanda, mu jimbo la Singo. Alizaliwa pacha, na kwa desturi ya Waganda pacha wa kwanza mwanaume anaitwa Waswa. Hilo lilikuwa jina lake la utotoni.

Wakati wa ujana wake Buganda ilikuwa inatikisika. Waarabu na Waswahili walileta dini ya Islamu, Waingereza wakaleta Uprotestanti, Wafaransa wakaleta Ukatoliki, na kila kundi lilitafuta masikio ya mfalme. Waswa alifuata kwanza Islamu. Kisha alisikia mafundisho ya mumisionere Alexander Mackay, yule mfundi wa chuma na mashine aliyefika Buganda mwaka 1878. Nyuma yake vita vya dini vikatokea, na Waswa akashika silaha kama vijana wengi wa siku zile. Kwa hiyo tusifikiri kwamba alizaliwa mtakatifu. Alijua vita, alijua ginsi mtu anavyokufa, na alijua pia ginsi mtu anavyoua.

Mu mwezi wa Januari 1895 alibatizwa, akakamata jina Apolo, kama yule Apolo wa Aleksandria tunayemsoma mu Matendo ya Mitume sura ya 18, aliyejua sana Maandiko. Jina Kivebulaya lilikuja kwa sababu ya nguo. Alipenda kuvaa koti ya Ulaya pamoja na kanzu yake nyeupe, na watu wakamwita kitu kilichotoka Ulaya. Lilikuwa jina la kuchekesha tu, lakini likabaki naye mpaka mwisho.

2. Kufika Mboga

Katika mwaka ule ule wa 1895 alitumwa kufundisha mu inchi ya Toro, chini ya milima ya Ruwenzori. Sisi wa huku Beni tunaona milima ile upande wa mashariki, anga ikiwa safi. Apolo aliiona upande wa pili. Kisha, mwishoni mwa mwaka 1896, alivuka kwa miguu, akashuka bonde la Semliki, akapanda mpaka Mboga.

Wengine walikuwa wamemtangulia. Walimu wawili wa Buganda walifika mbele yake, lakini hawakuweza kudumu. Mwami wa Mboga, jina lake Tabaro, aliwachukia kwa sababu ya mafundisho yao, na watu wakawanyima chakula. Njaa ikawarudisha kwao. Apolo alipofika alifanya jambo rahisi. Alikamata jembe, akalima shamba lake mwenyewe, akapanda chakula chake. Mtu anayekula jasho lake mwenyewe, ni vigumu kumfukuza kwa njaa.

Tuangalie vizuri jambo hili, maana wako watu wanaofikiri kwamba mtu wa imani anatazama mbinguni tu na anadharau udongo. Apolo hakuwa vile. Alilima, alijenga, alifundisha watu kusoma, na mwanafunzi aliyejua kusoma alipaswa kumfundisha mwenzake. Ni mambo ya mwili na ya dunia hii. Mtu anayesadiki kwamba Mungu atafufua mwili hawezi kuudharau mwili, wala tumbo la mwenye njaa.

3. Mateso

Apolo alikemea ulevi, uchawi na desturi ya kuoa wanawake wengi. Maneno yale yalimgusa Tabaro mwenyewe. Waaminio walianza kupigwa na nyumba ya Apolo ikachomwa moto.

Kuna masimulizi mu vitabu vya wamisionere yanayosema kwamba siku moja Tabaro aliamuru Apolo apigwe viboko vibaya, na waliompiga wakamtupa mu majani wakifikiri amekwisha kufa. Mwanamke moja aliyesadiki akamkuta, akamficha na kumtunza mpaka akapona. Siku moja asubuhi ngoma ya kanisa ikalia tena, na Tabaro akashangaa sana. Kumbe ni yule yule aliyehesabiwa kuwa maiti, anapiga ngoma ya kuita watu kwenye maombi!

Mu mwaka 1898 jaribu lingine likaja. Dada wa mwami alikufa kwa ajali. Alianguka juu ya mkuki uliokuwa ndani ya majani yaliyokatwa kwa kazi ya kujenga. Mara moja Apolo akashitakiwa kwamba ameua. Akafungwa, akapelekwa mpaka Fort Portal mbele ya afisa wa Kiingereza, akatiwa minyororo. Yeye aliyekuja kuhubiri uzima sasa anaitwa mwuaji, na hakuna mtu wa kumtetea.

Mu siku zile za giza, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alimwona Bwana Yesu aking'aa kama jua, akimtia moyo na kumhakikishia kwamba yuko pamoja naye. Aliyemwona hakuwa kumbukumbu ya mtu wa zamani. Kwa Apolo, Yesu alikuwa mtu aliye hai leo, anayejua gereza lilipo na anayeweza kuingia bila kufunguliwa mlango, kama vile alivyoingia kwa wanafunzi wake siku ile ya kwanza ya juma, milango ikiwa imefungwa kwa hofu.

Mwisho wake hawakupata ushuhuda wa kumhukumu, wakamwachilia.

4. Kurudi

Sasa tuulizane: wewe ungefanya nini? Umepigwa, umechomewa nyumba, umefungwa kwa uongo. Barabara ya kwenda kwenu iko wazi, na hakuna mtu atakayekulaumu. Apolo alikamata barabara ya kurudi Mboga.

Hapa njo tunaanza kuona maana ya ufufuo. Tabaro alikuwa na silaha moja tu, na ni ile ile ya watawala wabaya wote toka zamani za Farao: kuogopesha watu kwa kifo. Silaha ile inafanya kazi vizuri sana, isipokuwa kwa mtu anayejua kwamba kifo kimekwisha kushindwa. Kwa mtu wa namna hiyo, mwenye fimbo hajui tena afanye nini.

Kidogo kidogo moyo wa Tabaro ukabadilika. Aliona kwamba mtu huyu harudi kulipiza kisasi, na haleti askari. Anarudi na kitabu chake na jembe lake. Mwishoni mwami mwenyewe akaomba kufundishwa, akabatizwa, akapewa jina la Paulo. Jina lilimfaa, maana Paulo pia alikuwa mtesaji wa kanisa mbele ya kukutana na Yesu aliyefufuka kwenye njia ya Dameski.

Lakini tufahamu vizuri. Kupona kwa Apolo nyuma ya viboko si ufufuo. Hata Lazaro, aliyetoka kaburini nyuma ya siku nne, siku moja alikufa tena, na jamaa yake ikamlilia mara ya pili. Ufufuo wa Yesu ni kitu kingine kabisa. Yeye hakurudi nyuma mu maisha haya, alipita mbele. Hafi tena. Njo maana Mtume Paulo anamwita malimbuko, maana yake mavuno ya kwanza yanayoonyesha kwamba shamba lote litavunwa. Kwa hiyo tukisikia mtu anajitangaza kwamba anafufua maiti na watu wanamkimbilia na feza yao, tujue kwamba tumaini letu halisimami juu ya maajabu ya namna hiyo. Linasimama juu ya kaburi moja tu, lile la Yerusalema, lililokutwa tupu.

5. Mchungaji wa inchi mbili

Apolo aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1900, na mwaka 1903 akawa kasisi. Miaka mingi alitumika Toro. Wakati ule wazungu walikuwa wanabishana juu ya mipaka kati ya Uganda ya Waingereza na Kongo ya Wabelgiji, na mwishoni Mboga ikabaki upande wa Kongo. Kanisa lake la kwanza likawa sasa mu inchi ya serkali ingine. Karibu mwaka 1915 alirudi kukaa Mboga, na kazi yake ikawa pale mpaka kufa kwake.

Hakuwa na mke, wala mali ya kuhesabu. Mwaka 1922 alipewa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kubwa la Namirembe, kule Kampala. Mtu angefikiri kwamba sasa, akiwa mzee wa karibu miaka 60, ataenda kukaa karibu na wakubwa na kupumzika. Lakini macho yake yalikuwa yanatazama upande mwingine kabisa, upande wa magharibi, kule pori kubwa la Ituri linapoanza.

6. Wambuti wa pori

Toka karibu mwaka 1921 Apolo alianza kuingia porini kutafuta Wambuti. Sisi watu wa huku tunajua ginsi watu wengi wanavyowatazama Wambuti. Wanawatumikisha mu mashamba kwa malipo madogo, wanawacheka, wengine hata hawawahesabu kuwa watu kamili. Mambo haya hayajaisha mpaka leo, tusijidanganye.

Apolo alisimulia kwamba Yesu alimtokea mu ndoto, akifanana na mtu ambaye ni ndugu yake, akamtuma kwenda kuhubiri porini na kumwahidi kwamba atakuwa naye. Yesu aliyefufuka alimtokea kama ndugu na akamwonyesha watu waliodharauliwa. Ni kama siku ile ya kwanza pale kaburini. Mariamu alitaka kubaki karibu na Bwana, lakini alitumwa aende kwa ndugu zake kuwapasha habari.

Basi mzee akaingia pori. Wambuti wanahama, leo wako hapa na kesho kambi iko fasi ingine. Alijifunza kuwafuata kwa uvumilivu, alikaa nao, alisikiliza maneno yao. Alianza pia kazi ya kuitia Injili ya Marko mu luga wanayoisikia wao. Mu miaka ya mwisho ya maisha yake alibatiza waamini wa kwanza kati yao.

Juu ya nini kufanya taabu namna ile? Kwa sababu kama Yesu amefufuka, hakuna mtu wa bure. Yule Mbuti ambaye jirani anamwita nusu ya mtu, mwili wake umewekewa utukufu sawasawa na mwili wa mfalme wa Buganda. Mbele ya kaburi lililo tupu hakuna kabila kubwa na kabila dogo. Mtu anayesema kwamba anasadiki ufufuo na huku anamdharau mwenzake mu kalasi kwa sababu ya kabila, bado hajaelewa anachosadiki.

7. Agizo la kaburi

Mu mwaka 1933 nguvu za mzee zikaisha. Alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933, katikati ya watu wake.

Sasa tusikie agizo lake. Kwa desturi, mtu alizikwa kichwa chake kikielekea mashariki, upande wa kwao. Kwa Apolo mashariki ilikuwa Buganda, inchi ya baba zake, tena ndiko wakubwa wa kanisa lake walikokaa. Lakini aliagiza kwamba wamzike kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa pori, kwa sababu kule Injili ilikuwa haijafika bado na kazi ilikuwa haijamalizika. Nao wakafanya vile.

Mtu anaweza kuuliza: maiti inajua nini kama imelala huku ao kule? Haijui kitu. Wala Apolo hakufikiri kwamba Mungu atashindwa kumfufua kwa sababu ya upande wa kichwa. Agizo lile lilikuwa mahubiri yake ya mwisho, na hakuyaandika kwa karatasi, aliyaandika kwa mwili wake mwenyewe. Kwa watu wa Mboga maana yake ilikuwa wazi. Tumaini la ufufuo halimgeuzi mtu kutazama nyuma, kwao, kwenye heshima na pumziko. Linamgeuza kutazama wale ambao bado wanangoja.

Tukisoma 1 Wakorinto sura ya 15, tunakuta jambo lile lile. Sura ile ndefu inasema mambo mengi juu ya ufufuo. Inahesabu mashahidi waliomwona Yesu, na zaidi ya 500 walimwona kwa mara moja. Inasema wazi kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yetu ni kitu cha bure na sisi ni watu wa kuhurumiwa. Inaeleza juu ya mbegu, juu ya mwili wa uharibifu na mwili usioharibika, juu ya baragumu la mwisho. Lakini tazama ginsi Paulo anavyomaliza: haishii kaburini, wala mu mawingu. Mstari wa mwisho unasema juu ya kazi. Anawaagiza waaminio wasimame imara na wazidi kutumika, maana taabu yao katika Bwana haipotei. Apolo alielewa mstari ule.

8. Tunda la kaburi lile

Kanisa la Mboga halikufa pamoja na Apolo. Waalimu aliowafundisha waliendelea. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya askofu, diosezi ya kwanza ya Kianglikana katika inchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule. Toka pale kazi ikaenea mpaka huku kwetu, na mwaka 1992 diosezi ya Nord-Kivu ikaanzishwa, makao yake Butembo. Leo jamaa ile ni moja ya jamaa za Kanisa la Kristo katika Kongo, pamoja na Wabatisti na wengine wote tunaoketi nao mu kalasi moja. Na kila tarehe 30 Mei Waanglikana wa inchi nyingi wanamkumbuka Apolo.

Lakini hatuwezi kumaliza na habari nzuri tu, kwa sababu msomaji wa Beni atatuuliza. Toka Oktoba 2014 mauaji yamemaliza jamaa nyingi mu teritware yetu. Kisha, tarehe 1 Agosti 2018, serkali ilitangaza Ebola kule Mangina, na mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200 mu Nord-Kivu na Ituri. Na kule Boga kwenyewe, usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Mei 2021, yaani usiku wa siku ile ile ya kumkumbuka Apolo, washambuliaji waliingia Boga na Tchabi, wakaua watu zaidi ya 50, wengi wao wakimbizi waliokuwa wametafuta usalama pale. Damu imemwagika karibu na kaburi la mtu wa Pasaka.

Basi ufufuo una maana gani kwa mtu aliyezika watu watatu kwa juma moja? Kwanza, haumkatazi kulia. Yesu mwenyewe alilia mbele ya kaburi la Lazaro, na alijua vizuri kile atakachofanya dakika chache nyuma yake. Anayemwambia mwenye msiba asilie kwa sababu iko ufufuo, anataka kuwa wa kiroho kuliko Yesu.

Pili, juu ya wale waliozikwa na watu wa timu, wakivaa nguo za kujikinga, ndani ya mfuko, bila kuoshwa na mikono ya mama: tumaini lao halikupunguka hata kidogo. Vilevile wale ambao hawakupata kaburi kabisa. Mkulima wa Lubero akipanda haragi, hajui tena kila mbegu imelala namna gani ndani ya udongo, kichwa juu ao chini. Lakini mvua ikinyesha zote zinaota kuelekea juu. Aliyeumba mwili toka mavumbi hatashindwa kuukusanya. Kaburi la Apolo linatufundisha hilo pia: desturi za mazishi ni za kuheshimu marehemu na kufariji walio hai, si ufunguo wa ufufuo. Ufunguo uko mu mkono wa Yesu.

Tatu, ufufuo unasema kwamba wauaji hawana neno la mwisho. Kama kifo ni mwisho wa yote, basi aliye na panga na bunduki njo mkubwa wa dunia. Lakini kama Mungu alimfufua yule ambaye watu walimwua bila kosa, basi kila damu isiyo na kosa iko mbele yake, na siku ya hukumu iko. Njo maana Apolo hakuhitaji kisasi. Alimwachia Mungu kesi yake, akaenda kulima shamba lake na kufundisha watoto.

Nne, ufufuo unatupa kazi. Wako watu wanaosema tungoje tu mbinguni, hapa chini hakuna la kufanya. Wako wengine wanaosema ufufuo ni mfano tu, maana yake ni matumaini mazuri mu moyo. Maisha ya Apolo yanawajibu wote wawili. Aliyengoja mbinguni tu asingalipanda chakula wala kumfuata Mbuti porini akiwa mzee. Na kwa mfano tu, hakuna mtu anayerudi kwa hiari yake mu mikono ya waliompiga. Alisadiki kwamba Yesu yuko hai kwa kweli, na akaishi kama mtu aliyesadiki hivyo.

Sisi wanafunzi hatuambiwi wote kwenda Boga. Lakini kila moja wetu ana magharibi yake, upande ule ambao watu hawataki kutazama. Kwa mmoja ni mwenzake mkimbizi aliyefika katikati ya mwaka bila kayé na bila inifomu. Kwa mwingine ni yule aliyepona Ebola na watu wanaogopa kukaa naye bango moja. Kwa mwingine ni adui wa jamaa yake. Yesu aliyefufuka anatutangulia upande ule.

MAULIZO YA KUJADILI MU KALASI AO MU KIKUNDI CHA MAOMBI

1. Juu ya nini walimu waliomtangulia Apolo hawakudumu Mboga? Yeye alifanya nini tofauti?
2. Soma Yohana 11 na 1 Wakorinto 15. Kuna tofauti gani kati ya kufufuka kwa Lazaro na kufufuka kwa Yesu?
3. Apolo aliagiza azikwe kichwa kikielekea pori. Kama ungeulizwa leo, ni upande gani ambao kazi haijamalizika mu mji wetu?
4. Ginsi gani tunaweza kumfariji mwenzetu aliyefiwa bila kumkataza kulia?

Bwana Yesu, aliye hai, awe pamoja nasi wote mu mitihani na mu maisha. Amina.